Sikio la Newala na Kiingereza cha kidato cha kwanza

Mwanafunzi wa Newala, kusini mwa Tanzania, akiandika "kalamu" palipotakiwa "karamu", hukumu hutoka papo hapo: Kimakonde kimemharibu. Wapo walimu na wazazi wanaotaka lugha ya nyumbani iachwe kabisa mtoto akianza shule. Hoja yao ina msingi, ila wameivuta mno.

Msingi wenyewe ni huu. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kuwa watoto wachanga wa Kanada wanaolelewa kwa Kiingereza hutofautisha konsonanti fulani za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8; wafikapo miezi 10 hadi 12 uwezo huo umeshuka sana. Kimakonde na Kiyao havitenganishi l na r, hivyo sikio la mtoto huzitia zote kapu moja. Akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na sasa Kiswahili chenyewe, chenye irabu 5, ndicho kapu: "ship" na "sheep" zote zinaangukia kwenye i.

Lakini ugeni wa sauti peke yake si kikwazo. Watu wazima wa Marekani waliosikilizishwa vidoko vya Kizulu, yaani sauti za kualisha ulimi, walivitofautisha vizuri, maana havifanani na chochote walichokijua. Zinazosumbua ni sauti mbili zinazofanana na moja uliyonayo.

Tena mtoto haji mikono mitupu. Anayesema kwa Kimakonde munu, vanu, chinu, vinu tayari anazo ngeli za mtu, watu, kitu, vitu. Kilichobaki ni kubadili viambishi. Mmakua wa Masasi amezoea kutenganisha p yenye mpumuo na isiyo nao, ingawa b, d na g za Kiswahili zitamtoa jasho. Na aliyekwisha kutenganisha "thamani" na "samani" hana haja ya kufundishwa upya th ya "think". Kumnyamazisha mtoto kwa ajili ya sauti mbili tatu ni hasara kubwa mno.

Kwanza ijulikane kama kosa ni la sikio au la ulimi. Andika ubaoni 1 kalamu, 2 karamu. Ziba mdomo kwa daftari, tamka mara 20 bila mpangilio; kila mmoja aandike namba. Anayebahatisha hupata kama 10. Aliyepata 18 anasikia, shida yake ni kutamka. Aliyebaki 11 hata akikaririshwa mwezi mzima atarudia kosa lake kwa sauti kubwa zaidi.

Huyo apewe dakika 10 kila siku za kusikiliza tu, na jibu sahihi litajwe mara baada ya kila neno. Sauti ziwe za watu tofauti: mwanamke, mwanamume, mtoto, rekodi ya simu. Mazoezi mengi huharibikia hapa, kwani darasa likisikia mwalimu mmoja tu linajifunza koo lake. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwafunza Wajapani watu wazima r na l za Kiingereza kwa sauti za wasemaji kadhaa, na usikivu wao uliongezeka.

Kosa la kumwita dada "he" ni jambo jingine. Mwanafunzi anaisikia tofauti ya "he" na "she" barabara. "Yeye" haijawahi kumdai aangalie jinsia. Mpe picha za watu aseme nani anafanya nini, haraka haraka.