Bibi hakuwa nguzo

Tulipomzika bibi, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto 7, akaugua, akatutoka. Kisha zikafuata sifa: mpole, mkarimu, nguzo ya familia. Watu walilia. Nami nilirudi kuketi nikijua kwamba ukibadilisha jina tu, karatasi ile ingemfaa bibi wa mtu yeyote.

Jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile. Nguzo hainuni, na bibi alijua kununa. Mjomba alipowahi kufanya jambo kubwa bila kumshirikisha, alimpa mgongo siku 3 nzima. Akikosea, alikuwa akikuita faraghani na kukuomba radhi hata kama wewe ni mtoto wa miaka 8. Mimi nimeombwa. Hilo sikulisoma mbele ya watu.

Siku tulipokuwa tukikunja nguo zake, chini ya mto tulikuta daftari la shule, jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi. Ndani mna namba za simu za ukoo mzima, na pembeni maneno machache ya penseli. "Ana presha, asipewe habari kwa ghafla." "Hasemi na dada yake. Anza na habari za watoto." Waliofariki hakuwafuta, ameandika tu "amepumzika".

Ndipo nilipoelewa kwa nini kwetu watu waliogombana walikuwa wakijikuta wameketi tena pamoja. Tulidhani ni damu nzito kuliko maji. Kumbe kuna mtu alikuwa akiifanya kazi hiyo kila jioni, simu sikioni, akipima nani aambiwe nini na lini. Haikuingia kwenye wasifu kwa sababu hatujawahi kuiita kazi.

Kwa hiyo nasema tunawakosea bibi zetu tunapowageuza malaika siku ya mazishi. Malaika hana anachokishinda. Bibi alikuwa na hasira zake, akazimeza, akapiga simu. Anayestahili kukumbukwa ni huyo. Na kama wa kwako bado yupo, muulize leo alivyoitwa utotoni, alitamani kuwa nani, alimpenda nani kabla ya babu. Mrekodi akijibu. Mimi nina picha zake nyingi, lakini sauti ni moja tu, ya sekunde 11: "Mwanangu, ukifika nijulishe."

Jumapili iliyopita nililifungua daftari ukurasa wa kwanza. Namba ya mdogo wake. Pembeni: "Hasikii vizuri. Ongea polepole, usipige kelele."

Nikapiga. Nikajitambulisha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani vile?"

Nikaanza kumweleza, polepole.