Omeprazoli na ule mstari wa siku 14

Geuza pakiti ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, inayouzwa bila cheti cha daktari, usome ule upande ambao watu hawausomi. Kwa herufi za kukodolea macho utakuta agizo: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, kwa siku 14, na usirudie kabla ya miezi 4 kupita. Ndivyo inavyoandikwa Marekani, ambako dawa hii iliruhusiwa kuuzwa bila cheti mwaka 2003. Nchi nyingine zina hesabu zao, ila kikomo cha wiki chache ni jambo la kawaida.

Mstari huo unashambuliwa kutoka pande mbili. Wapo wanaouona umelegea: dawa hizi, wanasema, zinamaliza figo, zinadhoofisha mifupa na kupoteza kumbukumbu, kwa hiyo zisiuzwe bila daktari hata siku moja. Wengine wanauona ni woga wa watengenezaji wanaokwepa kesi. Dawa imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wanaimeza miaka nenda miaka rudi, wiki mbili za nini? Ukisikiliza vizuri, wote wanagombania jambo moja tu, kama dawa ni sumu au si sumu. Mimi naona mstari ule una kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo haijapata mtetezi.

Kwenye suala la sumu, kundi la pili lina hoja nzito. Hofu nyingi zilitokana na tafiti za kupekua mafaili ya wagonjwa, na anayemeza dawa ya asidi kila siku mara nyingi ni mtu mzima mwenye presha, kisukari, uzito na dawa nyingine tano mezani. Figo zake zikichoka, utamlaumu nani? Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililowagawa watu zaidi ya 17,000 kwa bahati nasibu, wengine pantoprazoli, ndugu wa omeprazoli, wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatwa kwa takriban miaka 3. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa maambukizi ya utumbo: watu 1.4 katika kila 100 waliotumia dawa, dhidi ya 1.0 kwa wenzao. Mengine yaliyoogopwa hayakuonekana. Yapo madhara ya kweli ya matumizi marefu, kama upungufu wa magnesiamu na wa vitamini B12, lakini hayo hugunduliwa kwa kipimo cha damu na hutibika. Kuna pia watu wanaopaswa kuimeza kwa muda mrefu. Aliyewahi kutokwa damu kwenye vidonda vya tumbo, na sasa anahitaji diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza tumbo, kila siku kwa ajili ya viungo vyake, asiache dawa kwa sababu ya ujumbe uliozunguka kwenye simu.

Tukubaliane basi kwamba si sumu. Wiki mbili zinabaki kuwa za maana.

Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwachukua watu 120 wenye afya, wasio na kiungulia. Nusu walipewa esomeprazoli, ndugu mwingine wa omeprazoli, miligramu 40 kila siku kwa wiki 8, kisha wakabadilishiwa kidonge kitupu kwa wiki 4 bila kujua. Nusu nyingine walimeza kitupu wiki zote 12. Katika zile wiki 4 za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa wametumia dawa walipata kiungulia, asidi kupanda kooni au maumivu ya tumbo ya juu. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 15.

Takwimu hii nairudia kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Hawa hawakuwa wagonjwa. Waliingia na matumbo mazima, na karibu nusu ya waliotumia dawa wakatoka wakihisi moto. Sababu yake inaeleweka: tumbo likikosa asidi huongeza homoni ya gastrini, inayoamrisha asidi itengenezwe, na seli zinazopokea amri hiyo hukua. Pampu zinazomwaga asidi tumboni zimefungwa na dawa, lakini kiwanda kinapanuliwa. Siku dawa inapoondoka, kiwanda kipana kinafunguliwa chote kwa mpigo. Ni kweli dozi ile ilikuwa kubwa kuliko ya dukani, na wiki 8 ni zaidi ya siku 14. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenyewe, kwamba kikomo kinamtoa mtu mapema, kabla kiwanda hakijapanuka sana.

Sasa mfikirie aliyemeza miezi sita, akaamua kuacha. Usiku wa tatu anaamka, maji machungu yamepanda hadi kwenye koromeo, kifua kinawaka. Anakaa kitandani, anajiambia ugonjwa bado upo, tena umezidi. Mkono unaingia kwenye droo. Kesho yake mchana ametulia, na ameshapata ushahidi kwamba hawezi kuishi bila dawa. Watu humwita mzembe au mraibu. Mimi namwona mtu aliyesoma dalili zake kwa akili kabisa, ila hakuna aliyemwambia kwamba moto ule unaweza kuwa mkia wa dawa, nao hupoa, kwa wengi ndani ya wiki chache. Angepunguza dozi polepole badala ya kukata ghafla, akajishikiza kwa famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, au dawa ya kutafuna siku za mwanzo, pengine angevuka.

Kazi ya pili ya mstari ni ya saa ya kengele. Kiungulia kisichotulia kwa wiki mbili za dawa kinahitaji kuangaliwa, maana dawa hii inaweza kunyamazisha hata dalili za saratani ya tumbo. Inaweza pia kudanganya kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, iwe cha pumzi au cha choo, ndiyo maana huagizwa iachwe wiki mbili kabla ya kupima. Na zipo dalili zisizosubiri hata hizo siku 14: chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi.

Kuna na kosa dogo nililolifanya mwenyewe kwa muda mrefu, la kumeza omeprazoli usiku kifua kinapowaka. Ni kama kufunga bomba baada ya nyumba kujaa maji. Dawa hii humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kuwa mlo ndio unaowasha pampu inazozifunga, na huchukua siku 1 hadi 4 kufikia nguvu yake. Anayetaka nafuu ya sasa hivi atafute antasidi, yaani dawa ya kuzimua asidi iliyopo tayari tumboni, ya kutafuna au ya maji. Nazo zina mambo yao: ya magnesiamu huharisha, ya aluminiamu hufunga choo, na magadi ya kuokea yana sodiamu nyingi kwa mwenye presha. Hunasa pia dawa nyingine tumboni, kama antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya madini ya chuma, hivyo zipewe nafasi ya saa kadhaa. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aimeze saa 2 kabla ya antasidi au saa 6 baada yake.

Wanaoupinga mstari wako sahihi kwenye jambo moja: unaamuru bila kueleza, na amri isiyo na sababu hupuuzwa. Ningepewa nafasi ya kuongeza maneno kwenye pakiti, ningeandika chini yake: ukiacha baada ya kutumia muda mrefu, kifua kinaweza kuwaka kuliko mwanzo kwa wiki chache, muulize mfamasia kabla hujanunua pakiti nyingine.