Kichaka Kilichokimbilia Magengeni

Katika pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, kati ya East Cape na Hawke's Bay, huota kichaka cha jamii ya kunde ambacho Wamaori hukiita kōwhai ngutukākā na wataalamu wa mimea hukiita Clianthus maximus. Hakirefuki sana, na matawi yake hulegea kuelekea chini ya genge, lakini majira ya kuchipua yanapowadia huning'iniza vishada vya maua mekundu yaliyopinda na kuchongoka kama mdomo wa kasuku. Ndugu yake wa kaskazini, Clianthus puniceus, hali yake ni mbaya zaidi, kwani katika miaka ya karibuni makao yake ya asili yaliyojulikana yalikuwa kisiwa kidogo kimoja tu katika ghuba ya Kaipara.

Kinachowapumbaza wengi ni kwamba mmea huu hauadimiki hata kidogo madukani. Wamaori walikuwa wakiupanda karibu na makazi yao kabla Wazungu hawajafika. Wataalamu wa mimea Joseph Banks na Daniel Solander waliuchukua mwaka 1769 walipokuwa katika safari ya kwanza ya James Cook. Na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulikwisha kuingia katika bustani za Uingereza. Leo vitalu vya miche huuza wenye maua mekundu, wa waridi na hata meupe. Ile inayoota yenyewe porini, kwa upande mwingine, haizidi mamia machache, na serikali ya nchi hiyo imeiweka katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Kwa maoni yangu, miche ya bustanini haipaswi kuingizwa kabisa katika hesabu tunapojadili iwapo mmea huu umepona. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mimea inayouzwa inatokana na sehemu ndogo tu ya aina zilizopo porini, kwa hiyo mtu akipanda elfu moja, kwa kiasi kikubwa amekirudia kile kile alichokuwa nacho. Tena akiipanda karibu na mimea ya asili, chavua yake inaweza kuchafua ukoo wa ile michache iliyobaki.

Kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kudhani kwamba kichaka hiki ni mmea wa magenge kwa asili yake. Kinapenda mwanga na ardhi iliyo wazi: kingo za misitu, kando ya maziwa na mito, na hasa mahali palipoporomoka udongo. Hakiishi miaka mingi, lakini mbegu zake zina ganda gumu na huweza kulala ardhini kwa miongo kadhaa zikisubiri mmomonyoko uzifukue. Mmea wa namna hiyo ulifaa kabisa katika nchi ambayo, kabla ya binadamu kufika, haikuwa na mnyama yeyote wa nchi kavu mwenye kunyonyesha isipokuwa popo. Kisha wakaletwa mbuzi, kulungu, nguruwe na sungura, na hata konokono wa kigeni wanaotafuna majani machanga usiku. Majani yake ni laini, hayana miiba, na mbuzi huyapenda mno. Kwa hiyo tunakiona magengeni kwa sababu kwingine kote kimeliwa, na picha nzuri za maua mekundu juu ya bahari ni picha za mkimbizi katika kimbilio lake la mwisho, ijapokuwa watalii huzipiga kana kwamba ni picha za mwenye nyumba.

Ndiyo maana nina shaka na sifa zinazomwagwa juu ya mbinu za kustaajabisha. Taasisi moja ya hifadhi iliwahi kujaza mbegu katika risasi za bunduki na kuzifyatua kwenye magenge kutoka kwenye helikopta. Ni ubunifu, sikatai, na kwa genge ambalo mtu hawezi kulipanda huenda hapakuwa na njia nyingine. (Nakiri kwamba nami nilitabasamu niliposoma habari hiyo.) Hata hivyo mche utakaoota mahali panapofikiwa na mbuzi utaliwa kabla haujachanua, na kazi ya kuwawinda mbuzi na kurekebisha uzio mwaka baada ya mwaka haivutii waandishi wa habari wala wafadhili.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali. Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani kutoka Tanga na Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, limejaa madirishani Ulaya na Marekani, huku jamaa zake wa porini wakipungua kwenye miamba yenye kivuli kadiri misitu inavyokatwa. Mamilioni ya vyungu ughaibuni hayajaurudishia mwamba mmoja wa Tanga kivuli chake.

Februari 2023 kimbunga Gabrielle kiliporomosha maelfu ya vilima katika Hawke's Bay na mkoa jirani wa Tairāwhiti. Kwa watu yalikuwa maafa makubwa, na sitaki kuyapunguza; lakini ardhi mbichi iliyofunuliwa namna hiyo ndiyo hasa ambayo mbegu za kichaka hiki huisubiri. Mbuzi nao hupenda machipukizi ya mahali kama hapo. Ningekuwa na sauti katika mgawo wa fedha, ningezipeleka kwa wawindaji na wajenzi wa uzio katika maporomoko yaliyo karibu na makao ya zamani ya mmea huu, na vitalu vya miche vingesubiri zamu yao.