Tanki Kichwani Kwangu, Maji kwa Jirani

Jamani, kuna mwenzangu humu anayekaa ghorofa ya mwisho? Tupeane pole. Mie niko Sinza, ghorofa ya tatu, na tanki la lita 2,000 liko juu ya dari langu. Usiku nalisikia kabisa likijaa. Sasa fungua koki bafuni uone: maji yanashuka kinyonge kama mtoto aliyetumwa dukani katuni ndiyo imeanza.

Chini kwa Mama Zai ukifungua bomba la kuoshea vyombo unaloa mpaka kifuani. Akianza kufua, kwangu yanakata. Basi niko na povu machoni, nimetoa kichwa dirishani: "Mama Zai, funga kidogo dada'angu, nisuuze!" Mtaa mzima unajua saa zangu za kuoga. Juzi muuza chipsi ananiuliza, "Kaka, leo mapema?"

Na ile hita ya bafuni niliyoringiwa siku ya kuonyeshwa nyumba? Haijawahi kuwaka. Ndani yake kuna kiwambo kinachongoja kusukumwa na maji ndipo umeme upite, na maji yangu mimi hayajawahi kusukuma kitu. Nikimlalamikia mwenye nyumba, ananijibu, "Kwani maji si yanatoka?" Yanatoka, mzee wangu. Hata machozi yanatoka.

Akamleta fundi. Fundi kagonga bomba mara mbili, kakalia ndoo yangu, kaanza kunisomesha. "Bosi, hii fizikia tu. Presha inaletwa na kimo. Maji yakiwa na kimo cha mita 10 ndiyo unapata bar moja. Toka tankini mpaka kwa yule mama wa chini ni zaidi ya mita 10, anakula bar yake nzima. Wewe hapa ni mita moja na kitu, hata robo ya bar hufikishi."

Yaani niliyebebeshwa tanki ndiye ninayeambulia matone!

Dawa, anasema, ni mbili: pampu ya kusukuma, au tanki lipandishwe kwenye mnara wa vyuma. Pampu mwenye nyumba hataki hata kuisikia, LUKU itakwenda. Mnara kakubali. Mita tatu, ambazo kwa hesabu za fundi haziongezi hata theluthi ya bar, kwa hiyo ndoo siitupi. Nikamshukuru mzee. Akanigeukia, "Ila tanki likipanda, na kodi inapanda."

Fundi, chai yangu mkononi, akaitikia: "Fizikia hiyo, bosi."