Padri Moczygemba aliwaokoa watu wake au aliwaingiza mjini?

Kuna kijiji Texas kinaitwa Panna Maria, yaani Bikira Maria kwa Kipolandi, na kila mtu akikisifia anaanza na ile misa ya usiku wa Krismasi 1854 chini ya mwaloni. Sawa, misa nzuri. Mimi wanaonivutia ni wale waumini ambao miaka miwili tu baadae walimgeukia padri wao hadi wengine wakatishia kumnyonga.

Padri mwenyewe ni Leopold Moczygemba, Mfransisko aliyetangulia Texas akawaandikia ndugu zake Silesia, eneo la wasema Kipolandi lililokuwa enzi hizo chini ya Prussia, dola ya Kijerumani, kwamba njooni huku ardhi ipo. Wakaja kama familia mia, wakashuka bandari ya Galveston wakatembea wiki tatu na vyombo vyao na msalaba mkubwa wa kijijini kwao, kufika hakuna nyumba hakuna chochote, nyasi ndefu na nyoka. Yaani ukiingizwa mjini angalau unaukuta mji! Wakalala kwenye mashimo waliyoyachimba ardhini, halafu shamba lenyewe wakauziwa bei ya kuruka na mfanyabiashara wa San Antonio, John Twohig, na ukame wa 1856 ukamalizia kilichobaki.

Kwa hiyo hasira zao nazielewa kabisa. Padri alikuwa mwenyeji, bei za ardhi alitakiwa azijue yeye kabla ya mkulima aliyeshuka melini jana hajui hata Kiingereza.

Ila kusema aliwatapeli hapo nakataa, maana tapeli haiti kaka zake wa damu, na wa kwake walikuwemo kwenye huo msafara. Na kule walikotoka hali ilikuwa mbaya, mafuriko, chakula bei juu, vijana wanachukuliwa jeshini kwa lazima. Barua ilichochea tu, sababu za kuondoka walikuwa nazo tayari.

Kitu ambacho watu wanakipita haraka ni kwamba kanisa la kwanza lilikamilika 1856 huohuo, mwaka wa njaa na ugomvi, na padri akaondoka mwaka huohuo. Walibaki wao. Radi ikalipiga 1875, wakajenga jingine, ndilo lililopo. Sasa kwenye historia mwanzilishi anaandikwa yeye peke yake, mimi hapo ndo sikubaliani.

Alifia Detroit 1891, na 1974 mifupa yake ikaletwa Panna Maria ikazikwa chini ya mwaloni.