Udongo mchafu ukishauchimba unaupeleka wapi?

Kila ikisikika mafuta yamemwagika au kiwanda cha zamani kimekutwa kimechafua maji ya chini, swali huwa moja tu, makatapila yanakuja lini. Watu wanataka kuona kijiko kinachimba, malori yako foleni, udongo mweusi unaondoka. Sasa akitokea mtaalamu akasema hapa hatuchimbi, bakteria wanaifanya kazi na sisi tutakuwa tunapima, basi hapohapo keshanunuliwa na mwenye kiwanda. Mi mara nyingi niko upande wa huyo mtaalamu, na naona hatendewi haki. Makosa anayo, tena moja ni kubwa kwelikweli, nitalifikia.

Kuchimba kwanza. Uchafu ukiwa juujuu, mita moja au mbili, na ni kitu kama risasi, ile metali, ambacho hakiozi, chimba tu, hakuna bakteria wa kuila ikaisha. Na kama watoto wanacheza hapo usisubiri hata wiki. Hilo halina ubishi. Ila udongo uliochimbwa haujasafishwa jamani, umehama, umetoka kwa hawa umeenda kwa wale, kwenye dampo lililotandikwa plastiki chini, na plastiki nayo ina umri wake. Waholanzi haya wameyapitia. Mwaka 1980 pale Lekkerkerk iligundulika nyumba za watu zimejengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali, familia zikahamishwa, udongo ukachimbwa, na baada ya hapo ikawa sera kabisa kwamba kila udongo uliochafuka urudishwe hali ya kufaa kwa matumizi yoyote. Maeneo yakawa hayaishi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 90 wakageuza swali, hapa patatumika kwa kazi gani? Si uvivu, ni hesabu iliwakataa.

Halafu kuna pampu, yaani chimba kisima, vuta maji machafu, yasafishe juu, yarudishe au yamwage. Marekani baada ya sheria ya Superfund ya 1980, ile ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa, hiyo ndo ilikuwa dawa ya kila mahali. 1994 baraza lao la taifa la utafiti likapitia maeneo 77 yaliyokuwa yanapampiwa, na 69 yalikuwa hayajafika kwenye kiwango kilichowekwa. Mengine yalikuwa bado yana miaka mbele yake, sawa, lakini 69 kati ya 77!

Kwa nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo maana hii hesabu huwa hainitoki kichwani. Chukua trikloroetilini, ile dawa ya kutolea grisi kwenye vyuma iliyotumika miaka na miaka kwenye karakana na kambi za ndege. Kikomo cha Marekani kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Lita moja ya hiyo dawa ina uzito wa kilo 1.46 hivi. Gawanya. Unapata lita milioni 290 za maji ambazo lita moja tu inatosha kuzifikisha kwenye kikomo. Lita moja! Ile ambayo fundi anaimwaga nyuma ya karakana jioni wala hakumbuki. Na sasa hivi vitu havikumwagwa lita moja, vilimwagwa kwa mapipa. Af ni nzito kuliko maji, kwa hiyo haielei juu ukaikombe, inazama, inapita mchangani mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi, inatuama pale, na kidogokidogo inapenya humo ndani. Pampu inavuta maji ya kwenye mchanga kwa raha zake, ya kwenye mfinyanzi hayavutiki. Ni kama shati lililomwagikiwa mafuta ya taa, unafua, unafua tena, linanukia sabuni, siku ukilipiga pasi harufu hii hapa. Kwenye grafu inaonekana hivyohivyo, miaka ya kwanza mstari unashuka vizuri mpaka watu wanapongezana, halafu unalala, haushuki tena, mnazima pampu, mnakaa miezi kadhaa, mnapima, umepanda. Mfinyanzi umeanza kurudisha ulichokunywa.

Sisemi pampu ni bure. Kama uchafu unaelekea kwenye visima vya watu, pampu inauzuia usifike, na hiyo ni kazi tosha. Ila kuzuia na kusafisha ni vitu viwili.

Sasa hao bakteria. Agosti 1979 karibu na Bemidji, jimbo la Minnesota, bomba la mafuta ghafi lilipasuka zikamwagika kama lita milioni 1.7. Nyingi ziliokolewa, lakini kama laki nne zilibaki ardhini, na tangu 1983 wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani wamepageuza kuwa maabara. Walichokuta ni kwamba maji ya chini yanatembea lakini uchafu haufiki mbali kama ulivyotakiwa ufike, kwa sababu njiani unaliwa na bakteria. Oksijeni ikiisha wanahamia kwenye chuma kilichomo kwenye udongo, chuma kikipungua kuna wanaotoa methani. Na si Bemidji peke yake. 1995 maabara ya Lawrence Livermore iliangalia kesi 271 za matangi ya petroli yaliyovuja California ikakuta benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, ni mara chache kuvuka futi 250 kutoka kwenye tangi.

Tatizo ni kwamba kazi hii kwa macho inaonekana kinyume. Ukichomoa bomba la sampuli kutoka mita sita, udongo unatoka wa kijivu, mahali pengine mweusi tii, unanuka mayai viza. Mkazi aliyesimama pembeni anaona kumbe hali imezidi kuwa mbaya! Kumbe hiyo harufu ni salfa, oksijeni imeshaliwa yote na bakteria wanapumulia kitu kingine. Ningekuwa mimi ningeogopa zaidi sampuli itoke safi kwa macho, isinuke chochote, halafu maabara iseme benzini ipo palepale haipungui.

Hata ile trikloroetilini ina wa kuila, au tuseme wa kuivuta, maana 1997 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell walitangaza kidudu kilichotoka kwenye tope la majitaka, Dehalococcoides, kinachopumua hizi kemikali za klorini kama sisi tunavyopumua oksijeni, kinachomoa klorini moja baada ya nyingine mpaka inabaki ethilini, gesi isiyo na shida. Unamlisha tu, unapenyeza molasi au mafuta ya mimea ardhini. Lakini, na hii ni lakini ya maana, kama huyo hayupo au njaa imempiga, kazi inakwama katikati kwenye kloridi ya vinili, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 2, yaani ni mbaya kuliko ulichoanza nacho. Kwa hiyo anayesema asili itamaliza bila kupima kama bakteria wenyewe wapo anacheza kamari na maji ya watu. Na kwa PFAS, zile kemikali za povu la zimamoto, hata hiyo kamari haipo, hakuna bakteria wa kutegemea pale, inabaki zaidi kuchuja, kwa kaboni kwa mfano.

Na lile kosa kubwa ni Ogoniland, Nigeria. Ripoti ya 2011 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikuta njia iliyokuwa inatumika inaitwa kusaidia asili ifanye kazi, wakati kilichofanyika kilikuwa kulima na kugeuza udongo wa juu tu. Mafuta yalikuwa yameshuka mita 5 au zaidi sehemu 49. Pale Nisisioken Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya kisima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO, na karibu na hapo kulikuwa na mafuta yanaelea juu ya maji ya chini unene wa sentimita 8. Mtu wa pale ukimwambia habari za bakteria akakufukuza, ana haki. Ila angalia kilichoshindwa. Bakteria wa kulimiwa juu wanahitaji hewa, hewa haifiki mita 5, na sentimita 8 za mafuta hazisubiri kuliwa, zinafyonzwa kwanza. Na maji safi yanaletwa siku hiyohiyo, hilo haliingii hata kwenye mjadala wa teknolojia.

Kutumia nguvu kuna mahali pake pia. Visalia, California, kwenye yadi ya kulowekea nguzo za umeme, walipenyeza mvuke ardhini kuanzia 1997 wakatoa mamia ya tani za kreosoti, ile dawa ya kuhifadhi mbao, na 2009 eneo likaondolewa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuka. Mvuke unakula nishati kama tanuru, lakini pale ulilipa.

Kwa hiyo mimi nikisikia "tunaiachia asili" siulizi makatapila. Nauliza visima vya kupimia viko wapi na vina kina gani, nani asiye wa kampuni anasoma majibu, na ni namba gani ikivukwa mnaacha kusubiri. Na hapa ndo wenzangu wa upande huu huwa wanaanza kujikohoza, kwa sababu kusubiri ni miaka ishirini, thelathini, na kiwanda kinaweza kuuzwa mara tatu humo katikati. Hela ya kupima kisima namba 14 mwaka wa 22 inatoka kwa nani? Mi naona iwe imeshawekwa benki kwenye akaunti ambayo mwenye kiwanda haigusi, kabla hata kijiko hakijarudishwa yadi.