Waitaliano nao wana shikamoo yao

Mpwa wangu amegoma kutuamkia. Ana miaka 19, kasoma mtandaoni kwamba "shikamoo" ni "nashika miguu yako", salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na tangu Idi akiingia kwangu ananiambia "Ciao, mjomba." Juzi nilicheka hadi chai ikanipalia. Katika salamu zote za dunia, kaikimbilia hiyo!

Ciao imetoka Venice, Italia. Kwa lahaja ya huko watu walikuwa wakiambiana "s-ciao vostro", yaani mimi ni mtumwa wako. Kwa Kitaliano sanifu mtumwa ni schiavo. Maneno yakapunguzwa, sauti zikalainika, na kilichobaki kikasambaa: Mjerumani anaandika tschau, Mreno tchau, Mhispania chao. Wengi hao huagana nayo tu, ila Mtaliano huitumia akifika na akiondoka.

Sasa fukua hiyo schiavo. Kwa Kilatini cha zama za kati ilikuwa sclavus, na sclavus ni Mslavi, mtu wa Ulaya ya mashariki. Karne ya 9 na ya 10 Waslavi walitekwa na kuuzwa kwa wingi, na wachuuzi wa Venice walikuwa miongoni mwa waliowavusha kwenda masoko ya Mediterania, mpaka jina la watu likageuka jina la hali. Slave ya Mwingereza, esclave ya Mfaransa, Sklave ya Mjerumani, zote zimeanzia hapo. Venice yenyewe bado ina gati liitwalo Riva degli Schiavoni, kwa ajili ya Waslavi wa Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, waliokuwa wakitia nanga pale. Watalii wanapigia picha.

Neno la zamani zaidi la Kilatini kwa mtumwa, servus, nalo halikufa. Nenda Austria au Bavaria, kusini mwa Ujerumani, utasalimiwa "Servus!" na mtu mwenye furaha zake.

Kinachonikaa rohoni kuliko yote ni hiki: Mcheki na Mserbia ni Waslavi. Mcheki akiaga anasema čau, Mserbia ćao. Wanatamka jina la mababu zao wenyewe, lililopitia sokoni na kurudi nyumbani limevaa kanzu ya Kitaliano. Na jina hilo wengi hulihusisha na slovo, "neno" kwa Kislavi cha kale: watu wasemao, ukawaelewa.

Sisi mtumwa tulimtoa kwenye kutuma, hatukumpachika kabila la mtu. (Tusijisifu lakini. Watu wa pwani waliwaita wa bara washenzi, na tusi hilo bado tunalo.)

Simkatalii kijana kuuliza salamu imetoka wapi. Aulize. Lakini neno hukaa na wanaolitumia, na mimi bibi yangu alipokuwa akiitikia "marahaba" huku ananishika kichwa, sikuona bwana wala mtumwa pale mkekani. Ukiamua kufuta salamu kwa sababu ya asili yake, basi anza na hiyo uliyoiazima, maana shikamoo inashika miguu tu. Ciao inajitaja utumwa kwa jina.

Nilimweleza yote hayo. Akanyamaza, akajikuna shingo, kisha akasema, "Haya, mambo vipi, mjomba?"

Nikamwitikia, "Marahaba."